Kituo cha Akiba cha Seva: Kuwa Dodoma Pekee Hakutoshi

Kampuni nyingi zinazohamishia shughuli Dodoma hutuuliza swali moja: "Seva kuu iko Dar es Salaam. Tukiweka ya akiba Dodoma, ishike kazi kuu ikizimika, tumemaliza?" Hapana, hamjamaliza.

Ni kweli Dodoma iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar, na mafuriko ya Bonde la Msimbazi hayafiki huku. Lakini tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu ya Gridi ya Taifa iliikumba miji yote miwili. Mei 12 mwaka huohuo nyaya za chini ya bahari zilikatika, intaneti ikayumba nchini kote. Na Machi 2020, daraja la Kiyegeya, Gairo, liliposombwa na maji, fundi aliyetoka Dar kwa barabara hiyo asingefika kuwasha chochote. Kwa hiyo ulizeni kwanza vituo vyenu viwili vinategemea nini kwa pamoja. Jenereta iwe na mafuta, na fundi awe mkazi wa hapahapa. Mwenye jengo la seva awaonyeshe nyaya zake mbili za mkongo wa intaneti zinapopita. Zikiingia kwa mtaro mmoja, katapila moja litazikata zote. Dodoma pia imo katika Bonde la Ufa na hutikisika, hivyo makabati ya seva yafungwe sakafuni kwa bolti.

Wapo wanaotujibu, "Sisi tuko klaudi, hayo hayatuhusu." Yanawahusu. Klaudi ni seva zilizo ndani ya jengo, katika nchi fulani, chini ya sheria zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka kila anayekusanya au kuchakata taarifa za watu asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inadhibiti usafirishaji wa taarifa hizo nje ya nchi. Nakala ya akiba nayo ni taarifa zilezile. Kuiita "bakapu" hakuiondoi kwenye sheria. Kampuni ikitiwa hatiani kwa kufichua taarifa kinyume cha sheria, faini huanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Leteni maswali kabla ya kusaini mkataba, tutawasikiliza.

Mkinakili data mara moja kwa siku, saa sita usiku, na seva ikafa saa kumi jioni, miamala ya siku nzima imepotea. Mkurugenzi aamue mapema kama biashara itastahimili hasara hiyo, kisha seva kuu izimwe kwa makusudi Jumapili moja, wahasibu wakiwepo, ionekane kama ya Dodoma inafanya kazi.