Kikao kikiisha bila ubishi, usishangilie

Kazi yangu ni kuingia kwenye ofisi ambazo watu wamechuniana, nikae nao mpaka waanze kuelewana. Meneja akiniita huwa ananiambia timu yake ina ugomvi. Nikimuuliza vikao vinaendaje, anajibu kwa fahari kwamba vinaenda vizuri tu, nusu saa vimekwisha, kila mtu anasema sawa. Hapo ndipo napata wasiwasi.

Ofisi za Dar hazina upungufu wa maoni. Yapo tele, ila hayatolewi kikaoni. Yanatolewa kwa mama ntilie saa saba mchana, kwenye daladala la Mbagala jioni, na zaidi kwenye lile kundi la WhatsApp ambalo bosi hayumo. Kikaoni ni funika kombe mwanaharamu apite. Utekelezaji ukianza, mambo yanakwama na hakuna anayesema kwa nini, ingawa wote wanajua.

Sehemu ya sababu ni adabu yetu wenyewe. Mtu aliyemwamkia mkuu wake shikamoo saa mbili asubuhi hawezi kirahisi kumwambia saa nne kwamba mpango wake una kasoro. Sisemi tuache shikamoo. Ninachowashauri wakuu wa vitengo ni kusema mwisho, kwa sababu mkubwa akishatoa msimamo, kikao kimekwisha hata kama watu bado wamekaa. Na swali la "kuna mwenye maoni?" liacheni, maana jibu lake ni kimya. Ulizeni, "Mpango huu ukikwama, utakwamia wapi?" Swali hilo linampa hata mgeni wa juzi ruhusa ya kukosoa bila kuonekana amekosa heshima.

Nichukue mfano wa masurufu, yaani fedha mfanyakazi anazopewa kwa kazi kisha azitolee hesabu, maana sijaona ofisi ambayo haijagombana kwa ajili ya masurufu. Kampuni moja ya uwakala wa forodha ilikuwa na kijana wa operesheni aliyekuwa akichukua fedha asubuhi, anakwenda bandari kavu Kurasini kutoa makontena. Huko analipa makuli, analipa bodaboda wa kuwahisha nyaraka, jioni anarudi na kikaratasi kimeandikwa kwa kalamu: "makuli 40,000". Mhasibu anakataa. Hakuna risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, hakuna marejesho, na masurufu mapya hutoki nayo mpaka ya zamani yafungwe. Kontena linalala, ada ya kulihifadhi inazidi kupanda.

Walipofika kwangu, kila mmoja alikuwa na maelezo marefu kuhusu tabia ya mwenzake. Kijana: ananiona mwizi. Mhasibu: ananidharau kwa kuwa nakaa kwenye kiyoyozi. Niliwasikiliza mmojammoja kwanza, nikawauliza wanaogopa nini hasa. Mhasibu alisema mkaguzi akija, atakayesimamishwa ni yeye. Kijana alisema mteja akikasirika anampigia yeye, na kuli hana mashine ya EFD wala hatakuwa nayo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohusu tabia, na havipingani.

Tulipokaa wote, makubaliano hayakuchukua muda. Mafuta na vitu vya dukani visipokuja na risiti ya EFD havirejeshwi, hilo halina mjadala. Makuli na bodaboda walipwe kwa simu, si taslimu, ili ubaki ujumbe wenye jina na saa, na wasaini vocha. Kikawekwa kiwango cha juu kwa siku. Kikizidi, kijana apige simu kabla ya kulipa. Kisha kijana akaomba mhasibu aende Kurasini siku moja ajionee mwenyewe. Akaenda. Akarudi na vocha aliyoichora upya, fupi, ambayo mtu anaweza kuijaza akiwa amesimama juani.

Mmarekani Mary Parker Follett, mwandishi wa mambo ya uongozi, aliligusa jambo hili mwaka 1925. Alisimulia kwamba alikuwa maktaba ya chuo kikuu cha Harvard, mwenzake anataka dirisha lifunguliwe, yeye anataka lifungwe. Wakafungua la chumba cha jirani ambacho hakikuwa na mtu: mwenzake alitaka hewa, yeye hakutaka upepo umpige moja kwa moja. Wangegawana nusu kwa nusu, wangenuna wote wawili. Huwa namkumbuka kila Februari ninapokuta vita ya rimoti ya kiyoyozi.

Ila tusizidishe. Wapo mameneja wanaotoka semina wakiwa wameambiwa ubishi ni afya, basi kila kikao kinageuzwa ulingo. Mwaka 2003 watafiti Carsten De Dreu na Laurie Weingart walikusanya tafiti nyingi kuhusu timu wakakuta kwamba, kwa wastani, hata mabishano ya kazi tupu yaliendana na utendaji duni, si yale ya chuki peke yake. Kwa uzoefu wangu ubishi unaharibika pale hoja inapoanza na "wewe huwa". Ukisikia maneno hayo kikaoni, simamisha mjadala, rudisha watu kwenye hesabu au tarehe inayobishaniwa.

Na si kila jambo ni la kusuluhishwa na mtu kama mimi. Unyanyasaji wa kijinsia si kutoelewana, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaukataza. Meneja anayewaambia pande mbili "yamalizeni wenyewe" anamwongezea maumivu aliyeumizwa. Mshahara usiolipwa nao si suala la mawasiliano. Mambo ya haki yakishindikana ndani ya ofisi, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kwa kawaida huanza na usuluhishi kabla ya uamuzi. Aliyeachishwa kazi bila haki ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake huko, migogoro mingine siku 60. Naitaja Tume hii na siku zake kwa makusudi, kwa sababu wengi hufika kwangu siku hizo zikiwa zimeshapita, wamezitumia kusubiri bosi apige simu.