strncpy haikuundwa kwa kazi unayoipa

Nikipewa msimbo wa lugha ya C niukague, huanza kutafuta strncpy, fankisheni ya kunakili stringi (mfuatano wa herufi). Si mbovu. Inafanya kazi yake barabara, ila siyo ile ambayo wengi wanaitarajia.

Katika C, stringi haibebi urefu wake. Mwisho wake hutambulika kwa baiti ya sifuri tu. strcpy, fankisheni ya kunakili isiyo na kikomo, hunakili mpaka ikutane na sifuri hiyo, bila kujua bafa (eneo la kumbukumbu linalopokea nakala) ina nafasi kiasi gani. Chanzo kikizidi, inaandika juu ya data iliyo jirani, pengine hata juu ya anwani ya kurejea ya fankisheni (mahali programu itakapoendelea fankisheni ikiisha). Mwaka 1988 mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni, ulipenya kwa udhaifu wa jamii hiyohiyo: fingerd, programu ya seva ya kuulizia taarifa za watumiaji, ilipokea maandishi kwa gets (fankisheni ya kusoma mstari) kwenye bafa ya baiti 512 bila kupima chochote.

Watu wakakimbilia strncpy kwa sababu inapokea kikomo. Lakini iliundwa kwa ajili ya sehemu zenye upana maalumu, kama majina ya faili ya herufi 14 kwenye saraka za Unix ya zamani. Stringi ikiwa fupi, hujaza sifuri nafasi yote iliyobaki: herufi 5 kwenye bafa ya baiti 4096 zinakugharimu kuandika baiti zote 4096. Urefu ukifikia kikomo, haiweki sifuri ya mwisho, wala haikuambii. Hitilafu hujitokeza mbali kabisa, pale strlen (ya kupima urefu) au printf (ya kuchapisha) inapopitiliza ukingo wa bafa.

strlcpy ya mfumo endeshi wa OpenBSD, 1998, iliziba pengo hilo: hufunga stringi kwa sifuri na kurudisha urefu wa chanzo, ili ujue kama kuna kilichokatwa. Tatizo ni kwamba ili ipate urefu huo hukisoma chanzo chote, na chanzo kisicho na sifuri huisomesha nje ya mipaka. Ndiyo sababu kerneli (kiini) ya Linux ilipata strscpy mwaka 2015, ambayo haihitaji kujua chanzo kinaishia wapi, na ikilazimika kukata hurudisha namba hasi ya kosa, -E2BIG. Katika toleo la 6.8 strlcpy iliondolewa kabisa humo.

Ninachosisitiza kuliko yote ni jibu hilo la strscpy lisipuuzwe. Stringi iliyokatwa ni salama kwa kumbukumbu, lakini inaweza kuwa na maana nyingine kabisa. Ukitaka kufuta /data/picha-za-zamani, kisha njia ikakatikia /data/picha, utafuta kitu kingine, na hakuna zana ya kukagua kumbukumbu itakayolalamika. Kwa hiyo:

if (strscpy(bafa, njia, sizeof(bafa)) < 0)
    return -ENAMETOOLONG;

Hata hapo itazame sizeof, inayotoa ukubwa kwa baiti. Kama bafa imepokelewa kama pointa (anwani yake tu) badala ya safu, kwenye mashine ya biti 64 utapata 8, ukubwa wa pointa yenyewe. Kwenye kerneli za karibuni ukubwa unaweza kuachwa, strscpy ikaupima yenyewe. Ukiipa pointa kwa namna hiyo, kompaila inakataa papo hapo.