Sheria ndogo, bila "tu"

Juzi kwenye daladala ya kutoka Uyole, tukikaribia Mafiati, kijana mmoja alirusha chupa ya maji dirishani. Mama aliyekaa nyuma yake akamkaripia: utapigwa faini wewe. Konda akamtetea kijana: "Tulia mama, hiyo ni sheria ndogo tu." Watu wakacheka. Hilo "tu" nililisikia mara tatu wiki hiyo. Mara ya kwanza lilitoka kwa muuza mitumba wa Mwanjelwa aliyetandaza turubai hadi juu ya mtaro, na ya pili, nasikitika kusema, kwa ndugu yangu mwenye digrii.

Maana yake kwa haraka: sheria ndogo hutungwa na halmashauri, kwa mamlaka iliyopewa na sheria ya Bunge. Jiji la Mbeya huipata mamlaka hiyo katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, ya mwaka 1982. Jirani zetu wa Rungwe na Mbarali, kwa kuwa ni halmashauri za wilaya, wana Sura ya 287 ya mwaka huohuo. Takataka, meza za biashara barabarani, ng'ombe wanaozurura mjini, ndiyo mambo yake.

Sasa huo udogo. Nina baba mdogo aliyemzidi baba yangu kimo, kilo na uzito wa mkono. Utotoni hakuna aliyedhani kofi lake ni dogo. Udogo wake ni wa kuzaliwa: alimfuata baba, basi. Sheria ndogo ni hivyohivyo. Wanasheria huiita ile ya Bunge sheria mama, na mtoto hampandi mama kichwani. Zikigongana, ndogo ndiyo inayoanguka, na adhabu yake haivuki kiwango alichoweka mama. Lakini kwa mwenye turubai juu ya mtaro ni sheria kamili, na inaweza kumfikisha mahakamani.

Ndugu yangu wa digrii alijitetea kwa Kiingereza: "bylaw", akasema, ni sheria ya kando. Wachunguzi wa maneno hawamuungi mkono. Hiyo "by" wanaipeleka kwa Waskandinavia wa kale waliohamia Uingereza, ambao kwao lilikuwa neno la makazi ya watu. Mdenmaki wa leo akisema "by" anamaanisha mji, na jina la Grimsby kule Uingereza lina mkia huohuo. Kumbe ni sheria ya mji! Tungeitafsiri hivyo tangu mwanzo, konda wetu asingepata pa kuchomekea "tu" yake.

Upande wa pili nao una makosa yake. Asubuhi moja gari la matangazo lilipita mtaani na spika juu, likitaka meza zote ziondoke. Kabla ya adhuhuri mgambo wawili walikuwa wameshika mizani ya mama muuza viazi. Wakamwambia ni sheria ndogo. Akauliza, "Ya lini, wanangu?" Mmoja akajibu, "Ya leo asubuhi."

Sheria ndogo haitungwi asubuhi ikafika sokoni mchana. Rasimu hutangazwa kwanza ili wananchi watoe pingamizi, madiwani huipitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huiridhia, kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba ya Tangazo la Serikali. Neno "tangazo" hapo ndilo linalowaponza watu. Tangazo la spika laweza kuikumbusha sheria ndogo iliyopo; kuizaa haliwezi. Namba ile ndiyo cheti chake cha kuzaliwa, na mama wa viazi, bila kusomea sheria, aliuliza swali lenyewe hasa. (Wazee wakisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, mgambo ulikuwa wito wenyewe, pembe inapigwa watu wanakusanyika. Siku hizi mgambo ni mtu, na pengine hufika kabla ya pembe.)

Kwa hiyo konda wangu wa Uyole, "ndogo" iache ilivyo, ni jina lake halali. Hiyo "tu" ndiyo uishushe, na uishushe kituoni.