Bomba kubwa jirani si maji nyumbani

Ukitafuta kiwanja Kibamba au Mbezi, pembezoni mwa Dar es Salaam, dalali atakwambia: "Bomba la Ruvu linapita hapo, maji si tatizo." Si kweli. Bomba lile husafirisha maji kutoka mtambo wa kusafisha maji wa Ruvu Juu, wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, kwenda kwenye matangi. Halitobolewi kila mtaa unapochipuka. Mtaa mpya unahitaji tangi, mabomba ya kusambaza na presha ya kupanda vilima. Tena wahandisi hawapimi mahitaji ya maji kwa wastani wa siku tu, bali kwa saa ya kilele, ile asubuhi kila nyumba inapofungua koki.

Na majitaka? Hayo dalali hayataji kabisa. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia nyumbani hutoka machafu, na pembezoni mwa jiji mara nyingi huishia shimoni, yakisubiri gari la kunyonya.