Je, wajua kwa nini kila shabiki wa tekno anaamini enzi yake ndo ilikuwa bora?

Kaa na mashabiki watatu wa tekno, ule muziki wa mashine wa kuchezea klabuni, afu uliza swali moja tu, enzi gani ilikuwa kali kuliko zote, uone moto unavyowaka. Wa kwanza atakwambia Detroit, kule Marekani, ya 1987 na 1988, baada ya hapo ni kopi tu. Wa pili anacheka, anasema Berlin ya 1992, hiyo ndo ilikuwa tekno yenyewe. Wa tatu, ambaye wenzake wanamwona dogo, anataja mwanzoni mwa miaka ya 2000 pale muziki ulipovuliwa nyama ikabaki mifupa, ile staili inayoitwa minimal. Sasa wakishachoka kubishana waulize kila mmoja kazaliwa mwaka gani, afu piga hesabu. Mara nyingi sana utakuta mtu anataja miaka ile alipokuwa na 17 mpaka 24 hivi.

Watu wa saikolojia wanalijua hili siku nyingi. Ukimwambia mtu mzima akumbuke maisha yake, kumbukumbu hazitawanyiki sawasawa, zinajazana kati ya umri wa miaka 10 na 30, ukichora grafu unapata kama kilima. Ndo umri wa mambo ya kwanza kwanza, mara ya kwanza kukesha, marafiki uliowachagua mwenyewe na sio wa nyumbani, na muziki unaoamua kwamba huu ndo mimi. Ngoma iliyokukuta hapo inaganda na kila kitu kilichokuwa karibu yake, jasho, moshi, yule mtu mliyetazamana bila kusemeshana.

Na tekno ina hila yake ya ziada. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha McGill kule Montreal waliwapima watu wakisikiliza muziki unaowasisimua mpaka vinyweleo vinasimama, wakaona ubongo unamwaga dopamini, ile kemikali ya raha, mara mbili, mara moja kile kipande kitamu kinapofika, na mara nyingine KABLA hakijafika, pale unapokisubiri. Sasa tekno ni nini kama sio kusubiri? Dijei anakuondolea besi, anakuacha na matoazi tu yanachachatika dakika nzima, unajua inarudi, hujui lini, anakunyima, anakunyima, afu dum. Ukishalishwa hivyo usiku kucha una miaka 19 hakuna mtu atakuja kukwambia baadaye kwamba muziki wa siku hizi ni mzuri zaidi ukamwelewa.

Ila tusiwaonee wakongwe, sio kila kitu ni ubongo kuwadanganya. Kuna mambo kweli yalikuwepo afu yakaisha.

Chukua mashine yenyewe ya kupiga dramu, TR-909 ya kampuni ya Roland. Ilitoka 1983 ikiwa na kazi ya kumsindikiza mwanamuziki asiye na mpiga dramu, haikuuza, baada ya muda mfupi kampuni ikaacha kuitengeneza, zilitoka kama 10,000 tu. Zikaishia kwenye maduka ya mitumba kwa bei ya kutupa, na hapo ndo vijana wasio na hela wakazikuta. Lile dundo lake lina kitu kama msumari mbele, tak, afu tumbo nyuma yake, ukilipiga kwenye spika kubwa linakufikia kifuani kabla sikio halijaamua ni sauti gani. Yaani muziki mzima ulijengwa juu ya bidhaa iliyofeli! Leo hiyo mashine inasakwa kama dhahabu, kijana wa leo anatumia programu inayoiigiza kwenye laptop.

Detroit nayo ilikuwa na mazingira yake. Vijana watatu walioanzisha tekno, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walisoma shule moja Belleville, nje kidogo ya jiji, usiku wanasikiliza redio, mtangazaji anaitwa Electrifying Mojo ambaye alikuwa anaweza kupiga Kraftwerk, bendi ya Wajerumani ya muziki wa mashine, afu akaunganisha na Prince bila kuomba radhi kwa mtu. 1985 Atkins anatoa No UFOs kwa jina la Model 500, 1987 May anatoa Strings of Life, ngoma ya kuchezea ambayo haina besi, fikiria, na watu wakapagawa nayo. Hata jina la tekno lenyewe lilikaa sawasawa mwaka 1988 pale santuri ya mkusanyiko wa ngoma za Detroit ilipotolewa Uingereza, mwanzoni walikuwa waiite hausi ya Detroit, kwa jina la muziki mwingine wa klabu.

Halafu ukuta wa Berlin ukaanguka Novemba 1989 na upande wa mashariki ukajaa majengo ambayo hakuna aliyejua mwenyewe ni nani. Machi 1991 ikafunguliwa klabu ya Tresor ndani ya chumba cha chini cha kuhifadhia hazina cha duka kubwa la zamani, Wertheim. Vyuma vya geti, ukutani visanduku vya amana vimeota kutu, dari fupi, jasho linadondoka kutoka juu. Mazingira kama yale huwezi kuyapanga tena, yalikuja na historia yakaondoka nayo, klabu ikafungwa 2005 na ilipofunguliwa tena 2007 ilikuwa kwenye mtambo wa zamani wa umeme.

Hapo mkongwe ana haki. Anapokosea ni akisema zamani kila ngoma ilikuwa kali. Ilikuwa wapi! Huohuo mwaka 1992 unaoabudiwa, Uingereza kuna ngoma ya reivu, yaani muziki wa kasi wa sherehe za kukesha, iliyochukua wimbo wa kipindi cha watoto cha Sesame Street ikauchanganya na biti ikapanda mpaka namba 2 kwenye chati. Huisikii ikitajwa kwenye enzi za dhahabu. Muda ni chekeche, takataka zinapita chini na kinachobaki juu ndo tunakiita zilipendwa, afu tunalinganisha zile kumi zilizobaki na mia zote za leo ambazo hazijachekechwa bado. Sio mechi ya haki.

Kinachonichekesha mimi ni kwamba huu ulikuwa muziki wa kesho. Majina yenyewe maroboti, vyombo vya anga, mashine, wale vijana walikuwa wanakimbia chochote kinachonukia jana. Sasa hivi Berlin tekno yao imeingizwa kwenye orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni, Machi 2024. Na madogo waliozaliwa 2003 wanapiga seti za biti 150 kwa dakika zimejaa milio ya reivu ya 1993, wanaikumbuka enzi ambayo wazazi wao hata hawajakutana.

Nadhani hapo ndo pana siri, watu wanaimiss hali ya kutojua kuliko hata sauti. Santuri ilikuja na lebo nyeupe, haina jina, na programu ya kukutajia wimbo kwenye simu haikuwepo, ukiipenda ngoma unaweza kuitafuta miaka.

Mimi nilirithi kanda ya dakika 90 iliyorekodiwa klabuni, imedurufiwa mara nyingi mpaka ina mvumo kama mvua ya mbali. Dakika ya 45 kuna ngoma inapanda vizuri, inajenga, inajenga, afu kata. Upande umeisha. Ukigeuza unakuta ngoma nyingine kabisa. Nilikaa na lile kata miaka, mwaka jana nikaipata ngoma yenyewe nzima, sauti safi, mvumo hamna, nikaiweka kwa hedifoni. Ikapanda, ikajenga, ikafika palepale, mimi nimeshajiandaa kwa ukimya. Ikaendelea tu. Nilijisikia kama nimeibiwa.