Wilma Mankiller hakuvunja mila za Wacherokee

Kila ikifika Machi 8 simu yangu hujaa ujumbe uleule: Wilma Mankiller, shujaa aliyevunja mila kandamizi za Wacherokee, wenyeji asilia wa Marekani, na kuwa Chifu Mkuu wao wa kwanza mwanamke. Sasa nimeanza kuukuta hata kwenye insha za wanafunzi wangu. Kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Taifa la Cherokee ni kweli. Hizo mila kandamizi ni kuwasingizia watu, na nimechoka kuzisoma.

Wacherokee walihesabu ukoo kwa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, mmoja kati ya koo saba. Nyumba ilikuwa ya mwanamke, mume ndiye aliyehamia. Waluguru na Wamakonde hawana haja ya maelezo zaidi. Nanyehi, ambaye Wazungu walimwita Nancy Ward, aliendeleza mapigano mumewe alipouawa vitani Taliwa mwaka 1755. Akatunukiwa cheo cha Mwanamke Mpendwa, kilichompa sauti barazani na mamlaka ya kuokoa maisha ya mateka. Mwaka 1781 alizungumza mbele ya wajumbe wa Marekani kwenye mapatano ya amani. Mwaka 1817, akiwa bibi kizee, alikuwa miongoni mwa wanawake waliowaonya viongozi wasitoe ardhi zaidi. Huyo ndiye mwanamke wa mila.

Kilichowatoa wanawake barazani kwa maandishi ni katiba ya 1827, iliyotungwa New Echota kwa kuiga ile ya Marekani. Viongozi walitumaini kwamba taifa lenye katiba halitanyang'anywa nchi yake. Kura ikawa ya wanaume huru peke yao. Nchi ikachukuliwa vilevile, na mwaka 1838 watu wakaswagwa kwa bunduki hadi eneo ambalo leo ni Oklahoma.

Kwa hiyo Wilma alipogombea unaibu chifu mwaka 1983, akakatwa matairi ya gari na kutishiwa kuuawa, waliomkataa kwa sababu ni mwanamke walikuwa wakilinda jambo la karne moja na nusu tu. Mababu hawamo.

Tarehe zenyewe huchanganywa pia. Desemba 1985 alishika uchifu kwa kuwa chifu aliyekuwapo, Ross Swimmer, aliteuliwa kwenda kufanya kazi serikalini Washington. Kura zake mwenyewe alizipata 1987, kisha 1991 kwa zaidi ya asilimia 80. Naamini zilitokana zaidi na kazi yake katika kijiji cha Bell, ambako alisimamia wanakijiji wakichimba wenyewe mtaro wa bomba la maji la kilomita 26 hivi.

Kuna jambo linalonisumbua kila nikimfundisha. Katiba ileile ya 1827 iliwanyima kura watu wenye asili ya Afrika, maana Wacherokee matajiri walimiliki watumwa. Mkataba wa 1866 na Marekani uliwapa walioachwa huru, pamoja na vizazi vyao, haki zote za uraia. Mwaka 1983 vizazi hivyo vikazuiwa kupiga kura kwa kukosa cheti cha damu, yaani hati ya kuthibitisha asili ya wenyeji wa Marekani, na utawala wa Wilma ukaendeleza sharti hilo. Namheshimu mno, lakini siwezi kulipatanisha hili na mengine yote aliyosimamia, na wanaomsifu hulipita kimya. Haki hiyo ilithibitishwa na mahakama mwaka 2017, yeye akiwa amefariki tangu 2010.