Pikipiki iliyolala muda mrefu: usianze na kiki

Kaka yangu alisafiri akaiacha Boxer yake hapa Tanga, uani, chini ya turubai, mwaka mmoja na nusu. Siku tuliyoifunua, jirani alikuwa ameshakunja suruali. "Mdogo wangu, piga kiki tu, hiyo inawaka." Nilimwomba asubiri. Injini nyingi hazifi kwa kulala, zinauawa siku ya kuamshwa. Jirani akaendelea na ushauri wake, nami nikamjibu mmoja mmoja.

"Petroli haiozi. Ongeza lita mbili mpya."

Petroli inachacha. Sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto upesi, huruka hewani kwanza. Kinachobaki hushikana na oksijeni, kikawa cheusi cheusi kama chai ya rangi, mwishowe utomvu unaonata. Fungua tanki unuse: badala ya ile harufu kali ya sheli utasikia kitu kama vanishi. Maziwa mabichi ukiyamimina juu ya yaliyoganda hayawi mabichi tena, na petroli ni hivyo hivyo. Mwaga yote, kisha mulika tochi ndani ya tanki. Ukiona kutu, safisha kabla hujaweka tone jipya, la sivyo kutu hiyo itateremka hadi kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa.

Na kabureta ndiyo penye kazi. Tulipofungua bakuli lake, chini palikuwa na ukoko wa kijani uliokauka kama ugali kwenye sufuria. Jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kuongezewa mafuta, ina tundu lisilofika nusu milimita. Niliielekeza juani nikachungulia, sikuona mwanga hata kidogo. Pikipiki ya namna hiyo unaweza kuipigia kiki mpaka jioni.

"Zibua kwa waya."

Hapana, tafadhali. Jeti ni madini laini, na waya wa chuma unaikwangua na kulipanua tundu. Baadaye pikipiki inakunywa mafuta, inatoa moshi mweusi, na mwenyewe unalaumu petroli. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha ipulizwe kwa kompresa. Ikigoma, nunua nyingine.

"Mimina petroli kidogo kwenye tundu la plagi, itashtuka."

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana nimeona injini nzima ikiharibiwa hivi. Pikipiki ikilala miezi mingi, oili huteremka kutoka kwenye kuta za silinda. Ile kidogo iliyobaki unaiosha kwa petroli, halafu ringi za pistoni zinakwaruza chuma kikavu. Cheche ikiruka jirani na tundu hilo, una moto mkononi.

Fanya kinyume chake. Toa plagi, weka oili safi kama kijiko kimoja cha chai, ngoja isambae. Weka gia ya juu, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, taratibu. Likikataa kabisa, usilazimishe: huenda ni breki imeganda, au pistoni imeshika kutu na hapo ni kazi ya fundi. Likizunguka laini, ndipo upige kiki chache, plagi ikiwa bado nje na swichi imezimwa.

Fungua na chujio la hewa. Kwetu panya walikuwa wametafuna sponji na kujenga humo, na vipande vile vingevutwa moja kwa moja ndani.

"Oili haijatembea, bado nzima."

Imekaa na unyevu na asidi. Injini ya namna hii inabeba kama lita moja tu; mwaga, weka mpya.

"Ungekuwa unaiwasha dakika tano kila Jumapili."

Petroli ikiungua hutoa maji pia. Dakika tano hazitoshi kuipasha injini hadi maji hayo yakauke, kwa hiyo yanabaki ndani ya oili na ekzosi. Betri nayo inatoa nguvu nyingi kwenye stata na kurudishiwa kidogo sana. Heri kuitembeza barabarani dakika ishirini, au kuiacha ipumzike betri ikiwa imechomolewa. Betri nzima ikijaa husoma volti 12.6 au zaidi. Iliyokaa tupu miezi mingi, bamba zake za risasi huota chumvi ngumu, na kuisukuma pikipiki hakuirudishii uhai.

Breki ya nyuma ilikuwa imeganda kwa kutu, tukaifungua na kuisafisha. Tairi soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona nyufa, badilisha hata kama kashata, yaani meno ya tairi, zimejaa.

Iliwaka kiki ya sita, hapo hapo uani penye hewa. Ukatoka moshi mzito, na jirani akashika kichwa: "Ringi zimekwisha!" Ilikuwa ni ile oili ya kijiko inaungua. Baada ya dakika chache ekzosi ilikuwa safi, na sailensa imetulia.